Jinsi ya Kulitembelea Gulio la Mwisho wa Juma katika Milima ya Usambara

Katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, mtu anayetaka kabichi iliyokatwa jana jioni, chungu kilichofinyangwa kwa mkono na tenga la kubebea vyote viwili haendi dukani. Husubiri siku ya gulio. Siku hiyo wakulima, wafinyanzi, wasusi, wahunzi na wachuuzi wa mitumba huteremka kutoka vitongojini, wengi wao kwa miguu na mzigo kichwani, wakapanga bidhaa zao uwanjani, na jioni uwanja hubaki mtupu hadi zamu yake nyingine. Vijiji hupokezana siku, na kwa mpango huo mchuuzi mmoja huweza kuzunguka milima yote katika juma moja. Lushoto gulio kubwa huwa Jumapili na dogo huwa Alhamisi, Bumbuli huwa Jumamosi, ilhali vijiji vingine vingi vina siku zao katikati ya juma.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetoka Dar es Salaam, Tanga mjini, Moshi au Arusha, ambaye ana Jumamosi na Jumapili tu za kutumia. Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba gulio ni siku ya kazi ya watu wengine. Halikuandaliwa kwa ajili ya mgeni, wala halina kiingilio, ratiba au mtu wa kukupokea. Anayejifunza saa za muuzaji na kuzifuata hununua vizuri, hula vizuri, na hamsumbui mtu. Anayekuja kwa saa zake mwenyewe hukuta mafungu ya nyanya zilizochoka na wafinyanzi wanaofunga mizigo.

Kufika, na kufika mapema

Njia ya kawaida ni kupitia Mombo, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kutoka hapo barabara ya lami hupanda kwa kona nyingi hadi Soni, kisha Lushoto, jumla ya kilomita 33 hivi. Anayekwenda Bumbuli huchepuka Soni. Yapo mabasi yanayotoka Dar es Salaam na Tanga moja kwa moja hadi Lushoto, lakini mtu anayetoka upande wa Arusha hushuka Mombo na kutafuta gari dogo la kupanda mlimani. Mwenye tabia ya kutapika garini akae mbele na asile chakula kizito Mombo.

Kwa kuwa gulio huamka kabla ya jua kupata nguvu, ni vigumu kulala mjini, kusafiri asubuhi na bado ulikute katika ubora wake. Panda mlimani siku moja kabla. Ukifika Ijumaa jioni unaweza kwenda Bumbuli Jumamosi asubuhi, ukarudi kulala Lushoto, na Jumapili ukawa uwanjani mapema. Huo ndio mwisho wa juma ninaoupendekeza kwa anayekuja mara ya kwanza, kwa maana unamwonyesha gulio la kijijini na la mji mdogo, na bei anayoisikia siku ya kwanza humsaidia kupima ya siku ya pili. Hata hivyo, thibitisha siku kwa kumuuliza kondakta au mwenye nyumba ya kulala wageni, kwani sikukuu huweza kuisogeza.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayelijua joto la Mombo tu hawezi kuamini baridi ya huku juu, hasa kati ya Juni na Agosti, ambapo ukungu huweza kukaa uwanjani hadi katikati ya asubuhi. Chukua sweta na viatu vyenye soli inayoshika. Katika masika, yaani Machi hadi Mei, uwanja huwa tope tupu, na baadhi ya barabara za vumbi ziendazo vijiji vya ndani hupitika kwa shida. Vuli nayo ina mvua zake, ingawa kwa kawaida huwa nafuu. Kwa upande wa matunda, anayetaka mafyulisi, maplamu na mapeasi, ambayo ndiyo fahari ya milima hii, aje kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Anayetaka vyungu asije wakati wa mvua nyingi: udongo haukauki, kuni huwa mbichi, na wafinyanzi huchoma vichache.

Siku ya gulio ilivyogawanyika

Alfajiri ni ya jumla. Wanunuzi wakubwa, baadhi yao wakiwa na Canter na Fuso zinazosubiri pembeni, huchukua magunia ya viazi mviringo, karoti, kabichi na pilipili hoho, na bei wanazokubaliana na wakulima saa hizo ndizo zinazoongoza siku nzima. Mgeni anayetaka kilo mbili za karoti hana nafasi hapa, lakini kusimama kando na kusikiliza kunafaa sana, kwani ukishajua gunia limeuzwa kiasi gani, huhitaji kubahatisha unapoambiwa bei ya fungu.

Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi ni wakati wa rejareja, na huo ndio wakati wako. Wauzaji wameshapanga, wana nguvu za kuzungumza, na kazi za mikono bado hazijachaguliwa na wengine. Jumapili, waumini wanaotoka ibada ya kwanza huongezeka uwanjani katikati ya asubuhi, na msongamano huwa mkubwa. Saa za Adhuhuri baadhi ya wauzaji Waislamu, ambao ni wengi katika milima hii, huenda kuswali na kumwachia jirani meza. Mnunuzi mwenye adabu husubiri mwenye mali arudi badala ya kumlazimisha jirani apunguze bei isiyo yake. Baada ya saa nane bei za mboga huporomoka, kwa sababu mkulima hataki kupanda tena na mzigo wa mchicha kilomita kadhaa. Hapo mtu anayelala papo hapo na kupika jioni ileile hufaidi, lakini mwenye safari ndefu hafaidi chochote, kwani mboga iliyokaa juani tangu asubuhi haitafika Dar es Salaam ikiwa na uhai.

Usafiri wa kurudi ufikirie mapema. Siku ya gulio magari ya mwisho hujaa kabla ya jua kuzama, na anayezubaa hujikuta akisafiri kwa bodaboda huku amekumbatia chungu.

Bei, vipimo na mazungumzo

Mizani zipo, lakini bidhaa nyingi huuzwa kwa fungu, kisado au debe, na ndizi kwa chane au mkungu. Hakuna ubaya katika vipimo hivi mradi unajua unachokilinganisha. Debe ni lita 20, na kisado ni kama lita nne. Tofauti huja katika ujazaji, kwa maana muuzaji mmoja husawazisha ukingoni na mwingine hujaza kichuguu juu. Kabla ya kuuliza bei, tazama mnunuzi aliyekutangulia amejaziwa vipi, kisha taka ujazo uleule. Upande wa jumla utaona magunia yaliyofungwa kwa kichwa kirefu cha nyavu juu yake, maarufu kwa jina la lumbesa. Serikali imeyapiga vita kwa miaka mingi kwa sababu humpunja mkulima, ambaye hulipwa gunia moja na kutoa moja na zaidi. Mimi huona kwamba mgeni mwenye uwezo asiyashabikie hata kama dalali anamwambia kuwa ndiyo desturi.

Fungu la nyanya au parachichi limepangwa kwa hesabu: kubwa ziko mbele, ndogo ziko nyuma. Usichambue fungu wala kuhamisha moja kutoka fungu hili kwenda lile. Kama hulipendi, sema unahitaji yaliyo magumu kwa ajili ya safari, na muuzaji atakupangia upya mwenyewe, mara nyingi kwa furaha, kwa sababu yaliyoiva sana atamuuzia mtu wa karibu.

Mazungumzo huanza kwa salamu. Mtu mzima huamkiwa shikamoo, na mwanamke anayeuza huitwa mama, au dada ikiwa mmekaribiana umri. Salamu za Kisambaa huanza kwa "onga", na mgeni anayejaribu kuitamka hupata tabasamu hata kama ameikosea. Kisha ndipo bei. Kupatana kunaruhusiwa, lakini kuna mahali pake. Kwenye mitumba bei ya kwanza ni ya kuanzia tu, na kila mtu anajua. Kwenye mboga nafasi ni ndogo mno, na njia ya heshima ni kununua mafungu matatu au manne kwa mtu mmoja kisha kuomba nyongeza, ambayo wengine huiita mbasela, badala ya kuvutana kwa shilingi mia. Kwenye kazi ya mikono uliza kwanza imechukua siku ngapi kutengenezwa. Baada ya kusikia jibu, mara nyingi hamu ya kukata bei hupungua yenyewe.

Jambo moja dogo: wauzaji wengi huutazama sana uuzaji wa kwanza wa siku, na hawapendi mteja wa mwanzo aulize, avute, kisha aondoke mikono mitupu. Ukiwa wa kwanza kufika mezani asubuhi, na hujakusudia kununua, salimia na upite.

Njoo na noti ndogo. Muuzaji wa kwanza hana chenji ya 10,000, na akikimbia kuitafuta, anaacha meza. Pesa za simu hupokelewa na wengi, lakini si wote, na mtandao hauaminiki katika kila bonde. Mfuko wa plastiki wa kubebea umepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu, au nunua tenga hapohapo kabla ya kununua kingine chochote.

Kuchagua chungu

Sehemu ya vyungu ndiyo ninayomshauri kila mtu akae nayo kwa muda mrefu. Ufinyanzi kwa Wasambaa ni kazi ya wanawake, na ufundi hupokewa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mfinyanzi hatumii gurudumu: hujenga kuta kwa mkono, husawazisha kwa kipande cha kibuyu au gunzi, huacha udongo ukauke, kisha huchoma vyungu vingi kwa pamoja mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Kwa kuwa moto huo haufungiwi ndani ya tanuri, ndimi zake hugusa chungu kimoja zaidi ya kingine na kuacha mabaka meusi. Mabaka hayo si kasoro, na mfinyanzi akikuona unayakataa atajua kwamba hujui unachonunua.

Kasoro ya kweli hutafutwa kwa sikio. Kinyanyue chungu kwa kukishika ndani ya mdomo, kikiwa kimening'inia, na ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva vizuri na kisicho na ufa hulia kwa sauti inayoendelea kidogo baada ya kugongwa. Chenye ufa, au ambacho moto haukukifikia, hutoa sauti butu inayokatika. Rudia sehemu tatu au nne za mzunguko, kwani ufa mfupi karibu na kitako hausikiki kutoka upande wa pili. Kisha kielekeze kwenye mwanga na uangalie ndani. Mwisho pitisha kidole kwenye ukingo: ukingo unaomeguka kuwa vumbi unaonyesha kuwa udongo haukuiva.

Sema mapema unachokitaka, kwa maana chungu cha kupikia na mtungi wa maji havina tabia moja. Mtungi unatakiwa uvuje jasho kidogo: maji yanayopenya ukutani huwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoyapoza yaliyobaki ndani. Anayeuziwa mtungi usiotoa jasho kabisa ameuziwa pambo. Chungu cha kupikia, kinyume chake, kinatakiwa kizibwe vitundu vyake kwa wanga kabla ya kuanza kazi, na namna ya kufanya hivyo nitaieleza mwishoni. Kumbuka pia kwamba vyungu vingi vina kitako cha mviringo, kwa sababu vilitengenezwa vikae juu ya mafiga matatu. Mwenye jiko la gesi achague chenye kitako kilicho bapa kidogo, na atahitaji ngata ya kukalishia mezani. Ngata utaipata kwa wasusi walio jirani.

Kazi nyingine za mikono

Kwa wasusi, chunguza kitako cha kikapu kabla ya urembo wake, kwani uzito wote hukaa hapo. Nyuzi ziwe zimekazwa, na kikapu kisiwe na harufu ya ukungu. Kilichosukwa kwa majani mabichi hulegea yanapokauka, kwa hiyo chenye rangi ya kijani ukisubirie au ukiache. Rangi za kupaka zijaribu kwa kitambaa chenye maji. Zikitoka, kikapu hicho kisibebe unga wala nguo nyeupe. Kamba za katani ni nzuri na za hakika, maana mkoa wa Tanga ndio wenye mashamba yake mengi. Mikeka ya ukindu, kwa upande mwingine, kwa kawaida huletwa kutoka tambarare, kama vile machungwa yanavyotoka Muheza na ng'onda zinavyotoka pwani. Si vibaya kuinunua, lakini usilipe bei ya kitu cha mlimani kwa kitu kilichopanda mlima nawe katika gari moja.

Wahunzi na mafundi bati huuza visu, miundu, majiko na vibatari, na karibu nao huwa kuna makatambuga, viatu vya matairi ambavyo havina mpinzani kwenye tope. Miiko, pawa, vinu na michi hupatikana pia. Kwa kitu chochote cha mbao uliza ni mti gani. Mkulo, yaani mkafuri wa Usambara, ulikatwa kupita kiasi katika miaka iliyopita, na mbao za misitu ya asili ziko chini ya ulinzi wa sheria. Kinu cha mti uliopandwa shambani kitakutumikia vilevile. Kwa sababu hiyohiyo usinunue mimea iliyong'olewa msituni, hata ule mmea mdogo wa maua ya zambarau yanayopamba madirisha ya Ulaya na ambayo asili yake ni milima hii, na usimlipe mtoto anayekuonyesha kinyonga kwenye kijiti. Ukimlipa leo, kesho atakamata wawili.

Asali huleta maswali mengi. Majaribio ya kuiwasha kwa kiberiti au kuidondoshea ndani ya maji hayathibitishi lolote, na asali inayoganda haijaharibika. Nunua kwa anayeweza kukueleza mizinga yake iko wapi na lini alirina, na onja kabla.

Kula uwanjani

Tafuta mama lishe ambaye wauzaji wenyewe wanakula kwake, kwani hao wapo kila juma na hawawezi kudanganywa mara mbili. Makande ndiyo chakula cha kuanzia: mahindi na maharage ya hukohuko, yaliyochemka tangu usiku, yakiliwa na parachichi. Asubuhi kuna chai ya rangi yenye tangawizi pamoja na maandazi au mihogo ya kukaanga. Mboga za uchungu, mnavu na mchunga, hazipatikani kirahisi mijini zikiwa safi namna hii, na anayezizoea huzitafuta. Kula kinachotoka motoni mbele yako, menya matunda mwenyewe, na usinywe maji ambayo hukuyaona yakichemka au ambayo hayakufunguliwa mbele yako. Katika mwezi wa Ramadhani vibanda vingi vya chakula hufungwa mchana. Beba chako, na ukile kwa faragha.

Jibini, jemu na mkate wa shayiri nyeusi usivitafute uwanjani. Hivyo hupatikana shamba la Irente, nje kidogo ya Lushoto, ambako pia watu huenda kutazama tambarare za Mombo kutoka ukingo wa mlima. Nenda huko alasiri, gulio likishapoa.

Mavazi yasitiri mabega na magoti. Kamera iombewe ruhusa kabla haijatoka mfukoni, na jibu la hapana lisiulizwe sababu. Kununua kitu hakukupi haki ya kumpiga picha aliyekuuzia, na watoto waachwe kabisa.

Kufunga mzigo na kuutunza nyumbani

Panga tenga kwa uzito: viazi na kabichi chini, karoti juu yake, kisha mapeasi magumu yaliyotandikiwa majani makavu ya migomba. Viazi vyenye ukijani vikatae tangu sokoni, kwa kuwa vimekaa kwenye mwanga na vina sumu. Mafyulisi yaliyoiva hayavumilii kona za kuteremka Mombo. Nunua yaliyo imara na uyaache yaivie nyumbani. Chungu kijazwe nguo ndani, kifungwe kanga kwa nje, na kipakatwe. Usimruhusu kondakta akiweke chini ya kiti.

Ukifika, kiloweke chungu cha kupikia katika maji safi usiku mzima, kisha kiache kikauke kivulini hadi siku ya pili. Kijaze maji ya kuoshea mchele au uji mwembamba usio na chumvi hadi robo tatu, na ukiweke kwenye moto mdogo sana. Uongeze moto polepole na uache uji uchemke taratibu kwa saa moja au zaidi, ili wanga uingie katika vitundu. Uache upoe humohumo ndani ya chungu, umwage, na usuuze kwa maji bila sabuni, kwani udongo hunywa sabuni na kuirudisha kwenye mchuzi. Mapishi ya kwanza yawe ya maharage au makande yenye maji mengi. Tangu hapo, usikiweke chungu kitupu motoni, usikitilie maji baridi kikiwa cha moto, na ukikiepua ukiweke juu ya ngata au kipande cha mbao. Sakafu ya sementi iliyo baridi ndiyo hupasua vyungu vingi kuliko moto wenyewe.